Mkate wa kumimina unabonyea katikati na chini una ute: tatizo si hamira

*Shikamoo mwalimu. Nimezaliwa Tanga, nimeolewa Iringa, na mkate wa kumimina umenishinda kabisa. Naloweka mchele vikombe viwili kwa saa mbili, nausaga kwenye blenda pamoja na boksi zima la tui (mililita 400), kikombe kimoja cha sukari, iliki na hamira. Zamani nilikuwa naweka hamira kijiko kimoja cha chai, lakini kwa baridi ya huku haukuumuka, kwa hiyo sasa naweka kijiko cha chakula kilichojaa na kuuacha saa tatu mpaka nne. Naumimina kwenye sufuria niliyoipaka mafuta, naoka kwenye oveni ya umeme nyuzi 180 kwa dakika 40. Ndani ya oveni unapanda vizuri, ukitoka unabonyea katikati. Nikiukata ungali moto, juu kuna vitundu vidogo vidogo, chini kuna tabaka zito la ute, na una harufu kama ya pombe. Jirani mmoja kaniambia nichanganye unga wa ngano, mwingine kasema baking powder. Mama mkwe anasema mkate huu unataka mkono, na mimi mkono huo sina. Je, niongeze hamira? Na je, naweza kupunguza sukari, maana mama mkwe ana kisukari? Ramadhani inakaribia na nimeahidi kupeleka mkate kwenye futari.*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuushikilia mkate huu mbali na pwani. Nakushukuru kwa kunitajia vipimo. Wengi huniambia tu kwamba mkate umegoma, nami nabaki kukisia. Wewe umenipa kiasi cha mchele, tui, muda, joto na hata harufu, na harufu hiyo imenieleza mengi.

Kuhusu mkono, usiumie. Mama mkwe wako anasema kweli kwa namna yake. Mpishi aliyezoea huangalia rojo linavyodondoka kwenye upawa, husikiliza mafuta yanavyolia, huinusa sufuria, bila kujua kwamba anapima. Watu wakauita mkono. Lakini kila anachokipima kina sababu, na kila chenye sababu kinafundishika.

Jibu lenyewe ni hili: usiongeze hamira, ipunguze. Mkate wako unaumuka, tena unapitiliza. Unachokosea ni vitu viwili. Rojo lako ni jepesi na lina chenga, na unalimimina kwenye sufuria ya baridi. Sukari, hamira na baridi ya Iringa zina sehemu yake, nitazifikia, ila ukirekebisha hivyo viwili utaona tofauti siku hiyohiyo.

Tuanze na mchele wenyewe. Unga wa ngano ukikandwa hutengeneza gluteni, nyuzinyuzi zinazovutika na kuishika hewa ya hamira, ndiyo maana donge la maandazi unaweza kulibonyeza likaumuka tena. Mchele hauna gluteni hata chembe. Katika rojo la mchele hewa inashikwa na uzito wa rojo lenyewe, na kidogo na ute wa yai kama umeutia. Rojo likiwa jepesi, mapovu yanapanda juu na kupasuka, huku chembe za wanga, ambazo ni nzito kuliko maji, zikituama chini. Kisha moto unakuja. Wanga wa mchele huanza kunywa maji, kuvimba na kuganda ukifika nyuzi sitini na kitu, na aina nyingine hungoja mpaka karibu 80. Hamira yenyewe hufa mapema zaidi, kati ya nyuzi 55 na 60. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho hamira imeshakufa, hewa iliyobaki inatanuka kwa joto, na wanga bado haujashika. Mkate mzuri unakivuka kipindi hicho haraka. Wako unakawia humo.

Sasa liangalie lile tabaka la ute. Najua umewahi kuurudisha mkate kwenye oveni ukidhani haujaiva, kila mtu hufanya hivyo. Hautabadilika hata ukiuoka saa nzima zaidi, kwa sababu umeshaiva. Tabaka hilo ni wanga uliotuama chini wakati rojo likisubiri joto, ukapikwa ukiwa umeshindiliana, bila hewa. Vile vitundu vidogo vya juu ni sehemu ya pili ya habari hiyohiyo: hewa ilikimbilia juu, wanga ukabaki chini.

Unaweza kulithibitisha mwenyewe. Siku nyingine ukishasaga, kabla ya kutia hamira, jaza rojo kwenye glasi ya kioo uliache dakika 20. Likijigawa, maji maji meupe juu na unga mzito chini, umeshauona mkate wako kabla haujaoka. Rojo zuri linabaki lilelile kutoka juu mpaka chini.

Ili ulipate hilo, anza na kuloweka. Saa mbili zinaulowanisha mchele, ila kwa blenda ya nyumbani hazitoshi kuulainisha. Upe saa nane au zaidi. Chukua punje moja uibonyeze kwa kucha: ikivunjika ikawa unga bila kiini kigumu katikati, iko tayari. Tumia mchele wa kawaida ambao wali wake hutoka punje mojamoja, maana mchele unaonata hutoa mkate wa mpira. Mchele wa biriani uliochemshwa kabla ya kukobolewa uache, punje yake ni ngumu na itaisumbua blenda yako bure. Ukiloweka mahali penye joto badilisha maji mara moja usichachuke, lakini Iringa hilo halitakusumbua sana. Kisha uchuje kweli. Uache kwenye chujio dakika kumi, kwa sababu maji yanayobaki kati ya punje ndiyo yanayokuharibia kipimo bila wewe kujua.

Kwenye kusaga, kosa kubwa ni kumwaga boksi zima la tui kwa mara moja. Punje zikiwa kwenye maji mengi zinaogelea tu na kukikwepa kisu. Weka tui kidogo, kiasi cha blenda kuweza kuzunguka, saga katika mafungu mawili, ikisumbua ongeza kijiko kimoja kimoja. Pumzisha mashine kila baada ya dakika moja au mbili, kwa sababu ikizunguka sana inapasha rojo joto. Ndiyo maana pia nakushauri hamira iingie mwisho kabisa. Pima kwa kidole gumba na cha shahada: sugua tone la rojo katikati yao. Ukisikia mchanga, rudisha. Watu hukata tamaa mapema hapa, na mimi naamini mikate mingi inaharibikia kwenye dakika tatu za kusaga ambazo mtu hakutaka kuzitoa.

Kwa vikombe vyako viwili, yaani gramu 400 za mchele mkavu, anza na mililita 300 za tui, si 400. Rojo likishalainika, linyanyue kwa upawa ulimimine: linapaswa kushuka kwa utepe mzito unaokaa juu ya rojo kwa muda mfupi kabla ya kuzama. Likitiririka kama maziwa, limeshakuwa jepesi. Hapo iko dawa ya zamani ambayo wapishi wengi hutumia kwenye vitumbua. Chota vijiko vinne au vitano vya hilo rojo, vipike kwenye moto mdogo ukikoroga mpaka viwe uji mzito, viache vipoe kabisa, kisha virudishe ndani na kusaga kidogo. Ule wanga uliokwisha kuvimba unalifanya rojo zima lishike na kuzuia kutuama. Wengine hutia wali uliopoa, konzi moja, wakati wa kusaga, na kazi yake ni ileile. Nakuomba ujaribu hii kabla ya unga wa ngano.

Tui la boksi si dhambi. Ninapopata nazi nzuri nakuna mwenyewe, nakamua kasimile, yaani tui zito la kwanza, na mkate unanukia nyumba nzima, siwezi kukudanganya kwamba ni sawa. Lakini mkate mzuri unapatikana na boksi. Tazama tu liwe zito na lisiwe limetiwa sukari, na litikise vizuri kabla ya kupima kwa sababu mafuta hujitenga. Kwa baridi ya huko, tui likitoka kabatini lina mabonge, kwa hiyo lipashe mpaka liwe vuguvugu, joto ambalo kidole kinalivumilia bila kuhangaika. Likichemka litakatika mafuta, na ukilimimina la moto juu ya hamira umeiua hamira kabla haijaanza kazi.

Sukari ina madhara ambayo watu hawayajui. Kwanza inayeyuka, na ikiyeyuka rojo linakuwa jepesi zaidi. Kikombe chako kimoja kimekuongezea umajimaji kama vile umemwaga tui jingine. Pili, sukari nyingi huivuta maji hamira na kuichelewesha, ndiyo maana kijiko chako cha chai hakikufanya kazi zamani. Ulidhani ni baridi peke yake. Tatu, na hili ndilo linaloubonyeza mkate, sukari huusogeza mbele joto la wanga kuganda. Rojo lenye sukari nyingi linahitaji joto zaidi ili lishike, na katika kungoja huko mapovu yanapasuka. Basi umusha rojo kwanza na kijiko kimoja cha sukari tu, kwa ajili ya hamira. Likishaumuka tia iliyobaki, changanya taratibu, liache tena nusu saa. Gramu 150, ambazo ni robo tatu ya kikombe chako, zinatosha mkate wa wageni.

Hamira ya chenga, kijiko kimoja cha chai kwa mchele huo. Kile kijiko cha chakula kilichojaa ni zaidi ya mara tatu yake, na ukikiacha saa nne rojo linachachuka. Harufu ya pombe ni pombe kweli: hamira inapokula sukari hutoa hewa na kileo, na rojo lililokaa sana linazidi kunuka na kupoteza nguvu ya kushika mapovu. Liangalie rojo badala ya saa. Likiwa limefika karibu mara mbili, limetuna juu na mapovu yanaonekana, ndipo penyewe. Likianza kushuka katikati kama shimo la sahani, limepita. Likipita usilitupe, tia sukari na iliki, changanya, uoke mara moja, ila usitegemee matundu marefu.

Kuhusu baridi, dawa yake ni joto, si hamira. Washa oveni dakika mbili, izime, weka bakuli la maji ya moto chini na rojo lililofunikwa juu yake, ufunge mlango. Au tia sufuria ya rojo ndani ya beseni la maji vuguvugu, ufunike na khanga na blanketi. Kwa njia hiyo saa moja mpaka saa moja na nusu zinatosha. Iringa pia iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga, kwa hiyo mapovu hutanuka zaidi na kupasuka upesi. Hiyo ni sababu nyingine ya kulifanya rojo lako liwe zito kidogo kuliko la bibi yako, na ya kutolingoja mpaka lifurike.

Tumefika kwenye moto, na hapa nitakaa kidogo.

Mkate wa kumimina haukuzaliwa kwenye oveni. Ulizaliwa kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, kifuniko cha bati, makaa yamepaliwa juu. Chini moto mdogo, juu moto mwingi. Ila wapishi wetu hawakuanza na moto wa juu. Walipasha sufuria kwanza, wakatia samli au mafuta, na rojo likaangukia kwenye chuma cha moto. Kitu kinachotokea sekunde hiyo ndicho unachokikosa: rojo la chini linaganda papo hapo, kabla wanga haujapata nafasi ya kutuama. Mvuke unaotoka chini unajitoboza njia kwenda juu, na hewa ya hamira inafuata njia hizohizo. Ukiukata mkate uliopikwa hivyo utaona matundu marefu yaliyosimama kutoka chini mpaka juu, kama mirija, na hakuna utelezi wowote sakafuni. Wewe ulipoweka sufuria ya baridi kwenye oveni ya nyuzi 180, juu kulikauka kwanza, chini kukabaki baridi kwa muda mrefu, na ulichoniandikia ndicho kikatokea.

Wapishi wa nchi nyingine wenye mchele na nazi wamelikuta tatizo hilihili. Ufilipino wana bibingka, mkate wa mchele na tui, ambao kwa asili huokwa kwenye chungu kilichotandikwa jani la mgomba, makaa chini na makaa juu. Kerala, kusini mwa India, wana vattayappam wa mchele na nazi, na wao huupika kwa mvuke. Hakuna kati yao aliyemtegemea moto wa juu peke yake.

Kwa jiko lako fanya hivi. Tumia sufuria nzito yenye upana wa kama sentimita 22, isiyo na mpini wa plastiki. Washa oveni nyuzi 200, moto wa juu na wa chini, mapema iwe imeshika moto kweli. Iweke sufuria juu ya jiko la gesi au la umeme, moto wa kati, vijiko viwili vya samli, izungushe samli ifike pembeni. Dondosha tone la rojo: likilia na kuganda mara moja, punguza moto uwe mdogo. Usilikoroge rojo tena, maana utavunja kila ulichokiumusha. Mimina taratibu katikati, lisambae lenyewe. Funika, uache dakika tano mpaka saba. Ukifunua utaona pembeni pameshika kwa upana wa kidole, na juu mapovu yanafunguka na kubaki wazi. Hapo ihamishie oveni, rafu ya kati, bila kifuniko, dakika 25 mpaka 30. Usifungue mlango nusu ya kwanza. Juu ukitaka rangi, malizia dakika mbili tatu na moto wa juu tu, usiondoke hapo. Kijiti cha mishikaki kitoke kikavu na mkate uwe umejitenga na ukingo wa sufuria.

Ukitamani njia ya mkaa, nakuunga mkono, ladha yake haina mfano. Makaa machache sana chini, yaliyobaki yote juu ya bati. Lakini pikia nje au barazani. Usiingize jiko la mkaa kwenye nyumba iliyofungwa, na najua Juni na Julai huko mtu anatamani kufunga kila dirisha. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua watu. Mtu akianza kuumwa kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko la mkaa, mtoeni nje haraka na mumpeleke hospitali.

Sasa ushauri wa majirani. Unga wa ngano, vijiko viwili vya chakula kwa mchele wako, utasaidia kushika rojo, sitakataa. Utapata mkate unaosimama, wenye utamu ulioelekea keki. Kwangu mimi unaondoa ule ulaini wa mchele, na pia unamnyima mkate huu mtu asiyeweza kula ngano. Ukiutia, waambie wageni. Baking powder inatoa vitundu vidogo vya kulingana, si mirija, na haitaondoa ute chini kwa sababu haigusi chanzo chake. Ninaitumia pale tu rojo limechoka na muda umekwisha, nusu kijiko cha chai, naoka papo hapo. Ninachokipenda zaidi ni ute wa yai moja, upige mpaka uwe povu jeupe, uuchanganye taratibu baada ya sukari, katika ile nusu saa ya mwisho. Kiini weka kando, mafuta yake yanaliangusha povu.

Kuhusu mama mkwe wako. Ndiyo, punguza sukari, hata nusu kikombe inatosha, na kama ulivyoona mkate utashika vizuri zaidi. Ongeza iliki na tumia tui zito, ulimi utaridhika. Lakini nikueleze ukweli: wanga wa mchele wenyewe unapandisha sukari mwilini, kwa hiyo mkate usio na sukari kabisa bado unataka kipande kidogo. Asali badala ya sukari si kinga. Na kwa kuwa ni Ramadhani, jambo kubwa kuliko mkate ni yeye kuonana na daktari au kliniki yake ya kisukari kabla ya mwezi kuanza, wamwambie kama anaweza kufunga na dawa azipange vipi. Hilo halijibiwi jikoni.

Usiukate ungali moto. Uache kwenye sufuria dakika kumi, uugeuze kwenye waya au sinia lililoinuliwa hewa ipite chini, na uupe angalau saa moja. Wanga unaendelea kushika wakati unapoa, na mkate mzuri ukikatwa mapema huonekana una ute hata kama hauna. Usiuweke kwenye friji ukitegemea kuula kesho yake, kwa sababu ubaridi wa friji huufanya wanga wa mchele kuwa mgumu haraka sana. Ukibaki, ufunike, uliwe siku hiyo au kesho asubuhi, maana tui huharibika. Ukishakuwa mgumu, mvuke wa dakika tano unaulainisha.

Ukifuata yote haya na tabaka likabaki, ishuku oveni yako. Panga vipande vya mkate wa boflo kwenye trei nzima, uoke nyuzi 180 dakika kumi, uvigeuze. Kama juu vimekuwa vya kahawia na chini ni vyeupe, koili ya chini haifanyi kazi, mwite fundi wa umeme aitazame. Usiifungue mwenyewe. Na siku moja mwombe mama mkwe wako asimame nawe unapomimina, umwonyeshe rojo kwenye upawa na umuulize kama ni zito vya kutosha. Macho yake yanaweza kuona kitu ambacho mimi siwezi kukiona kwenye maandishi.

Fanya jaribio la nusu kipimo kabla ya mwezi kuanza, kwenye sufuria ndogo, dakika za oveni zipunguze kidogo. Siku ya futari yenyewe loweka mchele wakati wa daku. Saga saa saba na nusu mchana, na hata ukiwa umefunga, vidole vyako vitakuambia kama kuna chenga. Saa tisa na nusu tia sukari na povu la yai, saa kumi na robo sufuria iwe jikoni. Saa kumi na moja mkate utakuwa umetoka, na ikiadhiniwa magharibi utakuwa umepoa na unakatika.